Mihuri Tisa ya Namizaki

Juma lililopita mliniacha nimepiga magoti mbele ya droo ya karatasi za kodi, fomu ya talaka mkononi. Jina la mume wangu, Noritaka Iwakura, lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa mwandiko wake wa ofisini, na mhuri wake mwekundu umegongwa kando yake, umenyooka. Nafasi ya jina langu ilikuwa tupu. Nafasi mbili za mashahidi nazo zilikuwa tupu.

Baadhi yenu mmeandika kwa mhariri kuuliza kwa nini sikwenda ofisini kwake nikamtupia ile karatasi usoni. Ninyi mngefanya hivyo, hongereni. Mimi Fusae, mwanamke wa miaka hamsini na minne, ishirini na tisa kati yake nikiwa mke wa mtu, niliirudisha palepale ilipokuwa, nikafunga droo, nikaenda kuosha mchele.

Jioni ile ile Noritaka akasema, macho yake yakiwa ndani ya bakuli la supu, "Jumatatu ni mapumziko ya Siku ya Bahari. Tuna siku tatu. Twende tukazunguke pwani ya kaskazini kwa gari."

Miaka mitatu mume wangu hakuwahi kunipeleka hata dukani. Nikajibu, "Sawa." Moyoni nilijua ananipeleka kuniaga.

Tulitoka Himeji Jumamosi saa mbili asubuhi. Mpaka Toyooka aliyezungumza garini alikuwa mmoja tu, yule mwanamke wa kwenye ramani ya gari. Baada ya mita mia tatu, pinda kushoto. Alisema kwa adabu mno. Nilimwonea wivu, kwa sababu yeye mume wangu alikuwa anamsikiliza.

Zamani aliniita Mama Kozue. Tangu binti yetu Kozue aondoke nyumbani kwa ugomvi na mimi juu ya mwanamume, jina hilo lilikoma, na hakunipa jingine. Akitaka chumvi husema "chumvi." Akitaka kuniamsha hugonga ukuta, maana tunalala vyumba viwili.

Sasa kuna jambo moja sharti mlijue kumhusu Noritaka, la sivyo hamtanielewa. Kazi yake ni ofisi ya maji ya mji, na raha yake duniani ni mihuri. Kila kituo cha mapumziko barabarani kina mhuri wake, umewekwa juu ya meza ndogo pamoja na wino, na tarehe unaizungusha kwa kidole. Watu wengine huugonga huku wanalamba aiskrimu. Yeye huweka kijitabu chake sawasawa, hushikilia pumzi, hugonga, kisha hulaza karatasi laini juu yake wino usichafuke.

Kozue alipokuwa na miaka sita aliunyakua mhuri akaugonga kichwa chini. Noritaka hakumgombeza. Hakusema neno lolote mpaka tukafika nyumbani, na kesho yake akanunua kijitabu kipya akaanza upya vituo arobaini na vitatu. Huyo ndiye mtu niliyeolewa naye.

Basi Jumamosi tulisimama vituo vinne, Jumapili vitano. Mimi nanunua chai ya chupa, yeye anagonga. Jumapili alasiri tukaliona bango: Kituo cha Namizaki, kilomita mbili. Nikachukua pochi yangu nishuke.

Akapita.

"Hapa husimami?" nikauliza.

"Hiki ninacho."

"Tangu lini?"

"Zamani."

Masikio yake yakawa mekundu. Mume wangu hajui kudanganya kwa uso wala kwa mdomo. Nadhani ndiyo maana akachagua kunyamaza.

Nyumba ya wageni ilikuwa mbele kidogo, juu ya ghuba ndogo. Kabla ya chakula tulikwenda kuoga maji ya moto, yeye upande wa wanaume, mimi upande wa wanawake. Wengine walikuwa wamekuja na dada zao na mama zao, wanasuguana migongo na kutaniana juu ya matumbo yao. Mimi mgongo wangu niliusugua pale mkono ulipofika, nikatoka mapema.

Kijitabu kilikuwa juu ya meza ya chumbani.

Miaka yote hiyo sikuwahi kukigusa. Nilikifungua nikiwa nimesimama, niweze kukifunga haraka. Ukurasa wa Namizaki ulikuwa na mhuri mmoja, tarehe ya mwezi wa kumi mwaka jana. Ukurasa uliofuata, Namizaki tena, mwezi wa kumi na moja. Nikaendelea kufunua. Mihuri tisa, mmoja kila mwezi hadi mwezi uliopita, na yote ni Jumamosi ya pili ya mwezi.

Jumamosi ya pili ya mwezi ndiyo mume wangu huwa zamu kwenye pampu za maji. Namfungia wali na samaki wa kukaanga, anaondoka saa moja asubuhi, anarudi jioni, ananirudishia kontena tupu limeoshwa. Mwanamume anadanganya miezi tisa, na bado hawezi kupita mbele ya mhuri asiugonge. Na tarehe akaweka ya kweli. Nilicheka peke yangu pale chumbani, kicheko kibaya.

Nikajiambia, ana mwanamke. Nikaketi mkekani nikisubiri machozi yaje, hayakuja.

Ndipo nikafunua ukurasa wa mwisho.

Ulikuwa umejaa Namizaki kila upande, kichwa chini, ubavuni, mmoja juu ya mwingine, nusu nje ya karatasi. Katikati palikuwa na alama ya kiganja chenye wino, ndogo kama biskuti.

Hakuutoa ukurasa ule. Hakununua kijitabu kipya. Alikuwa ameulazia karatasi laini wino usichafuke.

Nikajua ana mtoto.

Saa kumi na mbili chakula kililetwa chumbani. Mhudumu, mama mmoja mnene mwenye ulimi mwepesi, alipanga chaza wa kiangazi na ngisi mweupe aliyekatwa nyembamba.

"Bibi, mbona unawatazama tu? Hawa chaza hawapendi kutazamwa, wanapenda kuliwa," akaniambia. Kisha akamgeukia Noritaka. "Au ni sherehe ya ndoa, mama anaona haya?"

"Kitu kama hicho," akajibu Noritaka.

Mhudumu akacheka, akatoka, akafunga mlango wa karatasi taratibu kama mtu anayewafungia maharusi.

Nikasema, "Ana umri gani?"

Vijiti vyake vikasimama hewani. "Nani?"

"Aliyegonga mihuri kichwa chini."

Aliweka vijiti chini. Akachukua chupa, akajimiminia bia mwenyewe. Miaka ishirini na tisa bia yake nimeimimina mimi. Kitendo hicho kiliniuma kuliko fomu ya talaka.

"Miaka miwili na miezi mitatu," akasema. "Anaitwa Nagi. Msichana."

"Na mama yake anakupenda?"

"Sijui. Nadhani ananivumilia."

"Ni mdogo kwangu sana?"

Alinitazama muda mrefu, kwa mshangao kwanza, kisha kwa huruma. "Fusae," akasema, na sikumbuki mara ya mwisho jina langu kupita kinywani mwake. "Mama yake ni Kozue."

Hapa naomba msinifungie gazeti, maana ndipo ninapopaswa kukiri. Majuma yote haya nimewasimulia masaibu yangu, mkanionea huruma, na mmoja wenu akaniletea mfuko wa pichi kupitia kwa mhariri. Kuna jambo niliwaficha.

Niliwaambia Kozue aliondoka asiandike tena. Aliandika.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, miaka miwili na nusu iliyopita. Barua ya ukurasa mmoja. Mama, nina mimba ya miezi sita. Yule mwanamume ameondoka. Naomba nije nijifungulie nyumbani.

Kwetu binti huja kwao kujifungua. Hata aliyeolewa na tajiri huja. Mama yake humpikia uji, humwogeshea mtoto, humwacha alale. Si jambo la kuombwa kwa barua, ni jambo ambalo mama huandaa godoro kabla hajaambiwa.

Mimi niliwafikiria majirani. Nilimfikiria Bibi Ogata wa nyumba ya pembeni, anavyosimama na ufagio mlangoni kwake. Tumbo lile lingepita mbele ya ufagio ule bila pete kidoleni. Nikaikunja barua, nikaificha ndani ya sanduku la vidoli vya sikukuu ya wasichana ya mwezi wa tatu, juu kabisa ya kabati. Jioni nikamwambia Noritaka kwamba Kozue amepiga simu, yuko Osaka, hataki kutuona.

Alikula wali wake wote siku ile. Kisha akaenda kukaa bustanini, na ilikuwa baridi.

Mficha uchi hazai, wanasema wahenga. Mimi nilizaa kwanza, nikaja kuficha baadaye.

"Ulijuaje?" nikamuuliza pale mezani.

"Kadi ya mwaka mpya. Mwaka jana, ililetwa ofisini. Ina picha ya mtoto. Ameandika, Baba, huyu ni mjukuu wako, labda anwani ya nyumbani imebadilika." Akanywa. "Nikampigia. Hakutaka tuonane, ilichukua miezi. Akasema alituma barua. Nikaitafuta nyumba nzima."

"Ukaipata."

"Chini ya kidoli cha malkia."

"Ukaifanyaje?"

"Nikairudisha palepale."

Chaza wangu walikuwa bado hawajaguswa. Nje watoto wa wageni walikuwa wanawasha fataki za mkononi ufukweni, na mama zao wanawaita warudi.

"Mwaka mmoja na nusu, Baba Kozue. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri wewe uniambie."

Alisema hivyo bila hasira, na heri angekasirika.

"Kila mwezi wa tatu nilikuuliza," akaendelea. "Mara mbili. Nilikuuliza, vidoli hatuvitoi mwaka huu? Nikasema nitakushushia sanduku. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka.

"Ulisema, vya nini, nyumba hii haina msichana."

Nimewahi kuwa peke yangu mara nyingi. Nimekaa wodini peke yangu, nimemzika mama yangu peke yangu mume akiwa safarini. Lakini pale mezani nilijua upweke ambao sikuwahi kuufikiria, wa kukaa mwaka mmoja na nusu na mtu anayekungoja, chakula kile kile, televisheni ile ile, na wewe hujui kama unangojwa.

Mhudumu akarudi na wali. Akatazama sahani, akatutazama sisi, na ulimi wake mwepesi ukamwishia. Akainama, akatoka.

"Kesho saa nne," Noritaka akasema, "Kozue anakuja Namizaki na mtoto. Kama ulidhani nimekuleta kukuaga, sivyo. Nilitaka uufikie ukweli mwenyewe."

Jumatatu asubuhi jua lilikuwa kali, barabara imejaa magari yenye maboya ya kuogelea madirishani. Njiani nilijifunza maneno yangu. Yalikuwa matatu tu. Niliisoma. Niliificha. Nisamehe. Niliyasema kimoyomoyo kila bango tulilopita, na yule mwanamke wa kwenye ramani akiyakatiza kwa pinda kulia zake.

Kwenye maegesho ya Namizaki Noritaka alizima injini. Akatoa bahasha, akanifungulia ile fomu juu ya magoti. Nafasi ya shahidi wa kwanza sasa ilikuwa imejazwa, jina la kaka yake Yoshinari. Ya pili ilikuwa tupu.

"Hii nimemwachia Kozue," akasema. "Hajui kama uliisoma barua yake. Sikumwambia, hilo si la kwangu kusema. Atakuuliza. Ukimwambia ukweli, ataichana karatasi hii, ni maneno yake mwenyewe. Ukimdanganya, atatia sahihi."

"Atajuaje kama namdanganya?"

"Atanitazama mimi."

Masikio yale mekundu. Kweli, mtu yeyote angejua.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Wewe unataka lipi?"

Alishika usukani ingawa gari limezimwa. "Nataka turudi nyumbani tukiwa watu wanne," akasema. "Nimechoka kuosha kontena kwenye bomba la kituo cha barabarani."

Tukashuka.

Pale mlangoni kuna kibanda cha mikate yenye umbo la kobe, na mwenye kibanda ni ajuza mmoja mwenye kilemba cha taulo. Alipomwona mume wangu alinyanyua koleo.

"Babu Nagi! Leo kobe wangapi?"

"Leo wanne, Bi Tome."

"Wanne?" Akachungulia nyuma yake, akaniona. "Kumbe mke unaye! Sisi hapa tulikwisha kukuhesabu mjane, tunakutafutia mchumba." Akawageukia watu waliopanga foleni. "Huyu ndiye bibi wa yule kitoto anayegonga mihuri mpaka kwenye kaunta yangu. Bibi, ulikuwa wapi siku zote?"

Foleni ikacheka. Hawakuwa na ubaya, ni watu wa sikukuu. Lakini walikuwa watu kama kumi na watano, na wote walinitazama wakingoja jibu. Nikainamisha kichwa, nikatabasamu lile tabasamu langu la mlangoni kwa Bibi Ogata.

Ndipo mtoto akatoka mbio katikati ya miguu ya watu. Kaptura ya bluu, kiatu kimoja kimefunguka. Alimpita Bi Tome, akanipita mimi kama mti, akamshika Noritaka kidole na kumvuta kwenye meza ya mihuri.

"Babu, gonga. Babu, gonga."

"Ngoja kwanza, Nagi. Ngoja."

Ana nywele zinazosimama utosini. Kozue alikuwa nazo zile zile, nilikuwa nazilowesha kila asubuhi kabla ya shule na hazilali. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, kisha nikaurudisha kwenye mkanda wa mkoba.

Kozue alikuja nyuma, taratibu. Amekonda. Amevaa sare ya nyumba ya wazee anakofanyia kazi, labda ametoka zamu au anakwenda. Alisimama hatua tatu mbele yangu, na hakuinama wala hakunisalimu kwa namna ya mgeni, nikashukuru kwa hilo.

"Mama," akasema.

"Umekonda."

"Nimekuja kuuliza jambo moja tu." Akanikazia macho. "Mama, barua yangu ilikufikia? Ile ya kuomba nije kujifungua?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida. Bi Tome akasimama na mkate wa kobe kwenye koleo, mdomo wazi, na mwanamke mmoja mwenye kofia pana akageuka kabisa asikose neno.

Maneno yangu yalikuwa matatu. Yalikuwa yamefika kwenye meno. Nilimtazama binti yangu, nikamwona yule mwenye kofia pana nyuma ya bega lake, na mlango fulani ndani yangu, ule ninaoufunga kila siku tangu nikiwa msichana, ukajifunga.

"Barua gani?" nikasema.

Nilijisikia nikisema. Nilisema vizuri hata, kwa mshangao kidogo, kama mtu mwema asiye na habari.

Kwenye mfuko wa sare ya Kozue palikuwa na kalamu, na mkono wake ulikwenda pale ukatulia juu yake. Kisha akageuza uso, akamtazama baba yake.

Noritaka alikuwa ameinama mezani, mkono wa Nagi ndani ya mkono wake, mhuri umenyanyuliwa juu ya ukurasa. Hakuugonga. Aliuweka chini juu ya wino, akajifuta vidole kwa kile kipande cha karatasi laini, akanyanyuka. Na mume wangu, mtu aliyenyamaza mwaka mmoja na nusu akiningoja, akafungua kinywa mbele ya watu wote wale. Aliyoyasema nitawasimulia juma lijalo.